Hajati, Kebo na Uso wa Mjukuu Wangu

Nikianza na sifa zake sauti itanikwaruza, kwa hiyo acheni nianze na ubaya. Hajati alikuwa mchoyo wa sukari. Mtu mwenye malori, mwenye nyumba ya vigae pale mtaani kwetu Tunduma, mtu aliyefika Maka akarudi na maji ya zamzam ya kutugawia mpaka sisi wakristo, lakini ukienda kwake chai anakutilia sukari kwa mkono wake, kijiko kidogo kile cha dawa, halafu anaondoka na kopo. Ukimwambia, "Hajati, haijakolea," anakujibu, "Koroga, Mama Neema. Imelala chini, hujaiamsha." Nimekoroga chai ya mwanamke yule miaka na miaka, na haikuamka hata siku moja.

Ubaya wa pili, alikuwa mjuaji. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona barazani kwangu tangu Neema yuko mgongoni, lakini Hajati akipita lazima ashike pindo la gauni la mteja, alitazame, aseme, "Hapa ungerudishia." Muuza mahindi ya kuchoma alifundishwa kuchoma. Watoto wa kubadilisha kwacha za Zambia pale mpakani walifundishwa kuhesabu. Alitoka wapi sijui vizuri, watu walisema huko Kondoa, na yeye hakusema. Mume alimwachia malori matatu na madereva wakorofi, na yeye akawanyoosha kwa sauti. Sauti gani ile! Dereva yuko Kitwe, huku sisi mtaa mzima tunajua tairi gani limepasuka. Aliongea na simu kama vile simu yenyewe haina kazi, ni yeye anayetakiwa kufikisha maneno mpaka Zambia kwa kifua chake.

Hapo sasa nimeshatema nyongo kidogo, ninaweza kusema habari ya kebo.

Kebo ilikuja Tunduma kabla simu za kupangusa hazijajaa mikononi mwa kila mtu. Vijana walipita na ngazi wakatundika waya mweusi nguzo kwa nguzo, ukitaka televisheni unalipia, wanakuteremshia tawi mpaka sebuleni. Tatizo la mji wetu ni malori. Lori likipakiwa kupita kiasi linakwenda na waya. Siku moja waya ulikatwa pale njia panda, picha ikapotea mtaa mzima, na Hajati akatoka na kanga yake kichwani akasimama katikati ya vumbi. Alimtukana dereva yule kuanzia kwa mama yake mpaka kwa aliyempa leseni. Alimtukana na mwenye lori, mtu asiye na haya, anayepakia mzigo mpaka mbinguni kwa tamaa. Watu wanatazamana. Vumbi lilipotulia akasoma ubavuni mwa tela jina la marehemu mumewe. Lilikuwa lori lake. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alijifunga kanga vizuri, akamgeukia dereva, akasema, "Na yote niliyosema yanabaki palepale." Kisha akawalipa vijana wa kebo waya mpya. Mimi nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Baadaye watu wa kebo wakatangaza kwamba ule waya wa picha unaweza kuleta na mtandao. Mtaani kwetu hakuna aliyeelewa. Mtandao tuliujua wa dukani, unalipia nusu saa, unakaa jirani na mtu anayenuka dizeli. Kuwa nao nyumbani, kama bomba la maji? Hajati akasema leteni.

Nilikwenda kutazama, sikatai. Fundi alikata waya wake sebuleni, akaingiza kidude cha chuma chenye midomo, mdomo mmoja wa kuingia na miwili ya kutoka. Mmoja ukaenda kwenye televisheni, wa pili kwenye kisanduku cheusi, akaukaza kwa kuzungusha na vidole. Kisanduku ndicho modemu. Hajati alimwuliza yule kijana maswali mpaka akatoka jasho. Kwa nini waya mmoja usichanganye mpira wa miguu na barua za watu? Fundi akasema kila kimoja kina njia yake humohumo ndani ya waya, modemu inajua njia yake, televisheni inajua yake. Kwa nini isiwake mara moja? Kwa sababu kwanza inasikiliza kama ofisi ipo, kisha inaita, kisha ofisi inatazama namba yake iliyoandikwa chini, ikiitambua inairuhusu. "Kumbe ni mpaka," Hajati akasema. "Bila pasipoti hupiti." Fundi akakubali kwamba ni mpaka.

Akaielewa hivyo na hakuyumba tena. Taa ya kwanza ni umeme. Ya pili inapepesa, inasikiliza. Ya tatu inapepesa, inajibu. Ya nne ikitulia bila kupepesa, umegongewa muhuri, pita. Ikigoma, na umeme wetu wa kukatika ulifanya igome sana, Hajati alichomoa waya ukutani, akasoma Kulhuwallahu polepole mara tatu, akachomeka. Alisema mashine lazima ipewe muda wa kusahau ilichokuwa inagombea. Siku moja hayupo ikagoma, mimi nikachomoa nikasali Baba Yetu, nikachomeka, ikawaka. Nilipomwambia alinuna kutwa nzima.

Sasa sikilizeni kituko. Mwanamke yuleyule wa kopo la sukari aligawa mtandao bure. Wanafunzi wa kutazama matokeo, makarani wa mizigo, binti anayetafuta chuo, wote walikaa sebuleni kwake na viatu wamevua. Nikamwuliza, "Hajati, sukari unaficha, hii unamwaga?" Akasema, "Sukari ukigawa inaisha. Hii ukigawa inachelewa tu."

Kitu kilichoniponza kilikuwa Botswana. Neema, mwanangu wa pekee, alisomea uuguzi akapata kazi kule, na huko akampata kijana Mnamwanga mwenzetu wa upande wa Zambia. Mahari ililetwa na wajomba zake, wazee wakakaa, mambo yakaisha, lakini yeye mwenyewe hakuja, kazini walimnyima ruhusa. Kwetu Wanamwanga mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni mpaka siku mama atakapomwandalia chakula na kumpa kwa mkono wake mbele ya watu. Kabla ya hapo ukimwona njiani unapinda. Ukisikia sauti yake unajifunika. Chakula chenyewe hakiwezi kutumwa kwa basi. Kwa hiyo mimi na mkwe wangu tulibaki hivyo, hatujafunguliwa.

Neema akazaa. Mtoto wa kike, Lusungu. Wao walikaa chumba kimoja. Mume alifanya kazi usiku, mchana ndiye anayelea, na mtoto alimganda baba yake kama kupe. Siku ya Neema kupumzika, Jumapili baada ya kanisa, walitupigia simu ya picha kwenye laptopu ya Hajati. Neema akiwa peke yake mbele ya kioo, mimi nakaa kitini, namwona mwanangu, nafurahi. Akisema, "Mama, sasa tunamleta Lusungu," mimi nainuka. Kwa sababu anayemleta ni baba yake, anakuja naye mapajani. Tulijaribu baba atoke nje, mtoto akamfuata akilia, na mlango wao unafunguka kwenye ngazi. Tulijaribu mara nyingi, tukaacha.

Hajati hakunielewa. "Mama Neema, hiyo ni picha tu."

"Picha inayoniamkia hiyo ni mtu, Hajati."

"Funika nusu ya kioo kwa kanga."

"Na macho yake yeye yanayoniona mimi nitayafunika na nini?"

Nilimpelekea shangazi yangu swali hilo, bibi mzee wa kwetu ambaye hata redio anaiogopa. Alifikiri sana. Akasema, "Akikuona ukicheka, amekuona." Basi, yakaisha.

Kwa hiyo nilikaa nyuma ya laptopu, chini kwenye jamvi, modemu inapepesa mezani juu ya kichwa changu, na Hajati akakaa kitini pangu. Yeye si Mnamwanga, hana mwiko na mtu. Mjukuu wangu anaongea, Hajati ananisimulia. "Amevaa nyekundu. Sasa anashika sikio. Sasa anacheka, ana meno mawili, jamani meno!" Mimi natazama taa nne. Uso wa mjukuu wangu ulikuwa unapita mule, waya ule, kisanduku kile, kwenye pua yangu, unakwenda kutua machoni mwa mwanamke wa Kondoa. Nawaambia roho iliniuma. Picha za kwenye karatasi nilitumiwa, ninazo, lakini picha haishiki sikio.

Mtoto akaanza kusema. Neno la kwanza alilomwambia Hajati lilikuwa bibi. Nilipaza sauti kutoka chini, "Bibi ni mimi!" Mtoto akauliza, nani huyo? Hajati akacheka na sauti lake, akasema, "Huyo ni bibi yako wa nyuma." Basi tangu siku hiyo mjukuu wangu akawa na Bibi, na akawa na Wa Nyuma. "Wa Nyuma yupo?" "Yupo, mamaa, yupo anakusikiliza." Mimi Wa Nyuma! Niliyemzaa mama yake!

Nilimchukia Hajati, na sioni aibu kusema. Nilichukia anavyonawa uso kabla ya simu ya Jumapili mchana. Nilichukia miwani mipya aliyonunua, akadai ya kusomea hati za mizigo, na hati alisomewa na karani. Alijifunza wimbo wa kumwimbia mtoto, wimbo wa kwetu, wa Kinamwanga, na aliyemfundisha ni mimi mwenyewe, kwa ujinga, siku moja namsahihisha matamshi. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa Dar, wana maduka. Sikuwahi kuona wakimpigia simu ya picha. Kisanduku kile alikilipia mwezi kwa mwezi, na kwa hesabu yangu mtu pekee aliyemtafuta yeye kwa hicho kisanduku alikuwa mjukuu wangu. Niliona, na huruma haikunijia. Nilisema moyoni, na atafute wake.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nikaamua nipate modemu yangu, niiweke nyumbani kwangu, na laptopu ya mkopo, nikae upande ninaotaka. Nikikaa nyuma ya meza kwangu, angalau mbele yake hakai mtu, na mtoto ataongea na kiti mpaka nifunguliwe. Sisi watu wa mpakani kitu chochote tunachokitaka tunavuka kukinunua Nakonde, kwa sababu upande wa pili ni rahisi. Sukari Nakonde, vitenge Nakonde, betri Nakonde. Nikavuka. Kijana wa vitu vya umeme akanitolea kisanduku cheusi chenye taa nne, sawasawa na cha Hajati. "Ni bwino sana, mayo. Ni yenyewe." Kwa lugha ya kwao, nzuri sana, mama. Nikalipa kwacha, nikarudi nimekikumbatia ndani ya kitenge, nikamwita kijana wa kebo.

Alikigeuza nyuma akacheka. Tundu lilikuwa dogo, la mraba, la waya wa simu ya mezani. Waya wa kebo ni mnene na una skrubu. "Mama, hii ni ya laini ya simu. Na hata ingekuwa ya kebo, namba yake iko kwenye kampuni ya Zambia, ofisi yetu isingeijua." Yaani nilikaa Jumapili ngapi nikitazama taa za modemu kwa mbele, na mgongo wake sikuwahi kuutazama.

Mtaa wetu hauna siri. Hajati alikuja jioni ileile. Nilijua atanifundisha. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakishika kisanduku changu, akakipekua, akakirudisha mezani taratibu.

"Mama Neema, umechoka kuja kwangu?"

"Sijachoka."

"Basi kiti kimekuudhi."

Nilikanyaga cherehani. Alisubiri, na yule si mtu wa kusubiri. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sikujua kama anayo, "Nikisema sitakaa, mtoto atauliza niko wapi." Akajifunga kanga akaondoka, na pindo la gauni nililokuwa nalishona hakuligusa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena. Ningefanya nini? Sauti ya mtoto ilikuwa kule.

Halafu ruhusa ikapatikana. Walikuja wote watatu kwa basi la Lusaka wakavuka kwa miguu, na mimi nimejifungia chumbani kwa sababu mkwe yupo, mpaka kesho yake mchana. Ndugu zangu walitoka Mbozi na vikapu, kuku walichinjwa, wanawake wakaimba. Nikatoka na bakuli nimeinamisha kichwa, nikapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, nikainua macho. Kijana wa kawaida kabisa, ana kovu kwenye nyusi, ana haya kuliko mimi. Nilicheka, akacheka, watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimefunguliwa. Hajati nilimwalika kwa mdomo tu, hakuja, na nawaambia kweli nilishukuru.

Nikamgeukia Lusungu. Miaka mitatu, gauni nilimshonea mimi. Sikio lile, meno yale. Nikasema, "Njoo kwa bibi, mama." Akanitazama, akasikiliza, uso ukachanua. "Wa Nyuma!" akasema. Akashika kidole changu. Kisha akachungulia upande wangu huu na upande huu. "Bibi yuko wapi?"

Kwa bahati mbaya ng'ambo ya barabara simu iliita, na ile sauti ikapanda, dereva gani sijui, amekwama Kapiri sijui. Mtoto aliruka. "Bibi!" Alipiga mbio na viatu vipya, mimi nyuma yake. Sauti ikakatika katikati ya neno. Tulipofika mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Siku zote za ugeni wao mlango ule haukufunguliwa mchana. Madirisha pia. Madereva walikuja wakaondoka. Watu wakasema Hajati anaumwa. Na kila nikigeuka mtoto hayupo, nikimtafuta yuko pale kizingitini, anapiga mbao kwa kiganja, "Bibi, ni mimi. Bibi, fungua."

Siku moja kabla hawajaondoka nilimfuata, nikagonga mimi mwenyewe.

"Hajati. Unaumwa?"

"Siumwi." Alikuwa karibu sana, amekaa chini nyuma ya mlango, nilisikia anavyovuta pumzi.

"Basi fungua. Mtoto anakuita."

Kiganja kile kidogo kikapiga tena.

"Mwondoe, Mama Neema," akasema. "Nikifungua atanipanda mapajani, na akinipanda sitamshusha. Najijua. Siku zenyewe ndizo hizo, mwache akuzoee wewe. Mwondoe, jirani, nakuomba, mimi nimechoka kuziba mdomo nisimwitikie."

Miaka yote ile nilidhani namwonea wivu kwa sababu ya kiti. Pale kizingitini ndipo wivu wenyewe uliponishika, kwa sababu nilijiuliza ningekuwa mimi kule ndani, ningeweza? Nisingeweza. Ningefungua mlango siku ya kwanza.

Nikambeba mtoto. Alijipinda, akanipiga mateke ya tumbo, akanyoosha mikono kule tulikotoka. "Bibi! Bibi!" Alilia hivyo barabara nzima, na mimi nimemkumbatia, natazama chini. Muuza mahindi akaacha kupepea jiko lake, akatabasamu.

"Lo, Mama Neema! Siku chache hizi tu, na bibi anavyoitwa!"

Nikamwambia, "Eeh. Amenizoea."